Maswali ya Wasomaji: Mwezi wa Kwanza Juu ya Pikipiki

Barua zilizotufikia msimu huu zinafanana kwa jambo moja: waliotuandikia wamenunua pikipiki hivi karibuni, au wanakaribia kununua, wengine kwa kuchoshwa na foleni ya Daraja la Nyali na wengine kwa kutafuta riziki, na wote wanaogopa, hali ambayo mimi naihesabu kuwa dalili njema. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kosa lililoota mizizi mjini petu, na majibu ya barua zinazofuata yanalitegemea jibu hilo.

SWALI: Shikamoo, ami. Mimi ni kijana wa miaka 26, nakaa Mtopanga na kufanya kazi katika ofisi moja iliyo karibu na Pembe za Moi Avenue. Mwezi uliopita nilinunua pikipiki ya cc 125 iliyokwishatumika, na rafiki yangu mwenye bodaboda akanifundisha jioni mbili katika uwanja wa shule. Jambo alilonisisitizia kuliko yote ni kwamba nisiiguse kamwe breki ya mbele, kwa kuwa itanirusha juu ya usukani. Nimekwishapata leseni ya muda ya kujifunzia. Nifanye nini ili nisalimike njiani? (H.M., Mtopanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako anakupenda, ila amekurithisha woga wake pamoja na ujuzi wake. Breki ya mbele humwangusha mtu anapoibana kwa kishindo, au anapoibana huku pikipiki imelala kwenye kona au imekanyaga mchanga. Aliyeangushwa nayo mara moja huapa kutoigusa tena, kisha huwafundisha wengine kiapo hicho, na ndivyo hofu hii ilivyoenea katika vijiwe vya bodaboda kutoka Kisauni hadi Changamwe.

Tazama kinachotokea chombo kinapopunguza mwendo. Abiria akisema "shukisha" na dereva wa matatu akakanyaga breki bila simile, watu wote ndani huinama mbele kama wanaorukuu. Uzito wa pikipiki pamoja na wako huhamia mbele vivyo hivyo, tairi la mbele likagandamizwa kwenye lami na kupata nguvu ya kushika, ilhali la nyuma linakuwa jepesi na kuwa tayari kuteleza. Kwa sababu hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya takriban asilimia 70 ya kazi ya kuisimamisha pikipiki kwenye lami kavu, na mtu anayetegemea ya nyuma peke yake huhitaji masafa marefu zaidi, pengine mara mbili, na masafa hayo ndiyo yanayokosekana pale tuktuk inapogeuka mbele yako kumfuata abiria aliyeinua mkono.

Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles, baada ya kwenda wenyewe mahali palipotokea ajali 900. Waligundua kwamba mwendeshaji aliyekutwa na hatari kwa kawaida aliibana mno breki ya nyuma hadi tairi likakwama na kuteleza, na ya mbele, ambayo ingemwokoa, hakuitumia ipasavyo. Waligundua pia kwamba asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwahi kufundishwa na mwalimu, bali walijifunza wenyewe au kwa jamaa na marafiki. Ripoti hiyo ni ya ugenini na ni ya zamani, lakini kila ninapoisoma naiona jioni zako mbili za uwanja wa shule.

Hebu tufanye hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio upeo unaoruhusiwa ndani ya mji, pikipiki husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Tangu jicho lione hatari mpaka vidole vianze kukaza breki, sekunde moja hupita kwa urahisi, na kwa hiyo umekwishapita urefu wa matatu tatu zilizofuatana kabla hujapunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo, ukizitumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu, utahitaji mita nyingine 16 hivi. Na ukidhani kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili masafa ya breki nayo huongezeka mara mbili, umekosea, kwa maana huongezeka mara nne.

Basi, kabla ya kuuvuka mkondo kwenda mjini, tafuta mahali palipo wazi penye lami safi, Jumapili alfajiri kabla jua halijakolea, uchore mstari kwa chaki. Uje kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, pikipiki ikiwa wima na usukani ukiwa umenyooka, na ufikapo mstarini uanze kubana breki zote mbili pamoja. Mkono wa breki ya mbele ubanwe kama mtu anayekamua tui: kwanza unaugusa tu mpaka usikie uzito umehamia mbele, kisha unakaza zaidi na zaidi. Klachi uivute mwishoni, pikipiki inapokaribia kusimama. Macho yatazame mbali mbele, kwa sababu anayetazama tairi lake huanguka palepale anapotazama. Tairi la mbele likikwama, utalisikia likilia na usukani ukilegea mkononi. Legeza mara moja, kisha ubane tena kwa upole. Rudia mara 20 kabla ya kupanda hadi 30, kisha 40, na uende hivyo kwa wiki mbili au tatu. Zoezi hili linachosha na halina sifa kwa watazamaji, na watoto wa mtaa watakucheka; waache wacheke.

Sikufichi kwamba mimi mwenyewe nilianguka wiki yangu ya tatu, karibu na Buxton, mahali ambapo mchanga ulikuwa umemwagika kutoka kwenye lori na kutanda penye kona. Niliingia konani kwa kasi, nikaogopa, nikabana breki ya mbele ilhali pikipiki imelala, na nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa barabarani nikiitazama pikipiki ikizunguka peke yake. Kosa langu lilianza mita 20 kabla ya kona, kwa kuwa mwendo hupunguzwa pikipiki ikiwa bado wima, na konani mtu hupita kwa mafuta kidogo yasiyobadilika. Pwani yetu ina mchanga kila mahali, hasa ukingoni mwa barabara na penye milango ya mitaa isiyo na lami, na baada ya mvua ya kwanza ya masika huongezeka utelezi wa mafuta na vumbi lililokaa miezi mingi bila kuoshwa. Nusu saa ya kwanza ya mvua hiyo, kaa kibarazani.

Ukishaweza kusimama, jambo linalofuata ni kuonekana. Hurt na wenzake waliona kwamba, katika ajali kati ya pikipiki na gari, thuluthi mbili zilisababishwa na dereva wa gari aliyeingilia njia iliyokuwa haki ya pikipiki, na maneno yake yalikuwa yaleyale tunayoyasikia hapa: "Sikumwona." Mara nyingi hasemi uongo. Pikipiki ni nyembamba, na inapokuja moja kwa moja haionekani kukua mpaka ifike karibu, nayo akili ya dereva hutafuta umbo la gari. Penye makutano ya Kengeleni au ya Lights, hatari yako kubwa ni gari linalokuja upande wa pili na kukata kulia mbele yako. Usiyategemee macho ya dereva, maana anaweza kukutazama asikuone. Tazama tairi lake la mbele, kwa kuwa tairi likianza kuzunguka utajua kabla ya bodi la gari kusogea. Washa taa ya mbele hata mchana, uvae jaketi lenye kung'aa, na uweke vidole viwili juu ya mkono wa breki kila unapokaribia makutano, ili ile sekunde moja niliyoitaja ipungue.

Usijifiche nyuma ya matatu. Ipe nafasi ya sekunde mbili, au nne wakati wa mvua: chagua mlingoti, matatu ikiupita uanze kuhesabu, nawe usiufikie kabla hesabu haijaisha. Wala usiipite matatu kwa upande wa kushoto hata ikiwa imesimama na nafasi ni pana, kwa sababu mlango uko upande huo, na abiria hushuka akitazama chenji yake.

Kuhusu Daraja la Nyali lenyewe, miezi ya kusi upepo huja kutoka baharini na kuipiga pikipiki ubavuni, hasa unapotoka kwenye kivuli cha basi. Mgeni hukakamaa mikono na kuanza kuyumba. Bana tangi kwa magoti, ulegeze viwiko, na usijipenyeze kati ya mistari miwili ya magari mpaka umalize angalau miezi 6 barabarani. Najua kwamba foleni ndiyo iliyokununulisha pikipiki, lakini katika miezi hiyo kaa kwenye foleni kama wenzako.

La mwisho ni la karatasi. Leseni ya muda ni ya kujifunza, kwa hiyo weka kibao cha L, usimpakie mtu, na ujiandikishe katika shule ya udereva inayofundisha pikipiki kwa vitendo, kisha ufanye mtihani wa daraja A2. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kisheria, na anayekuuzia karatasi ya bima kwa bei ya sambusa amekuuzia karatasi.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili na ni muuguzi, na zamu zangu huisha saa ambazo magari ni haba. Nataka kununua pikipiki ndogo niiendeshe mwenyewe. Navaa buibui na hijabu, na kaka yangu anasema mavazi hayo hayaendi na pikipiki, tena helmeti haitakaa juu ya hijabu. Je, anasema kweli, au hataki tu kuniona barabarani? (Bi. S.A., Majengo)

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Huenda yote mawili ni kweli, lakini hoja yake ya mavazi isipuuzwe. Pindo la buibui, dera au leso likiingia katika spoki za gurudumu la nyuma au kwenye cheni hujikunja kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia, na aliyelivaa huvutwa chini pamoja nalo. Hatari hiyo humkabili zaidi abiria anayeketi upande, miguu yote ikining'inia kushoto, kuliko mwendeshaji anayeketi sawasawa, na kwa hiyo kaka yako, akikushauri upande bodaboda kwa mtindo huo ili usiendeshe mwenyewe, atakuwa amekuhamisha kutoka hatari moja hadi nyingine iliyo kubwa zaidi.

Ningekuwa wewe ningetazama skuta. Cheni yake imefunikwa au haipo kabisa, injini imefichwa, miguu hukaa mbele pamoja juu ya ubao, na haina gia wala klachi ya kukushughulisha. Breki zote mbili ziko mikononi. Ubaya wake ni magurudumu madogo, ambayo huhisi kila shimo, na mashimo si haba Majengo. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika vifundo vya miguu, kisha buibui lililoshonwa fupi kidogo, au uliinue na kulifunga kiunoni kwa mkanda uendeshapo, ulishushe ukifika. Ncha za mtandio ziingie ndani ya jaketi na zipu ifungwe juu yake.

Helmeti hukaa juu ya hijabu, ila haikai juu ya fundo. Kishungi kinene kilichofungwa nyuma ya kichwa, vibanio na pini huiinua helmeti na kuifanya ichezecheze, na pini yenyewe inaweza kukuchoma ukianguka. Tumia kitambaa chembamba kinachobana kichwa, nywele zikiwa zimesukwa na kushuka chini ya shingo, na unapokwenda kununua helmeti uende umevaa kitambaa hichohicho. Ifunge mkanda wa kidevuni kiasi cha kupitisha vidole viwili tu, kisha mtu aishike kwa nyuma na kujaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikitoka, si yako. Ukikitikisa kichwa, mashavu yatikisike pamoja nayo.

Usidanganywe na rangi. Kazi ya kuokoa maisha hufanywa na ile sponji ngumu nyeupe iliyo ndani, ambayo hupondeka ili ubongo usipondeke, na ambayo ikishapondeka mara moja hairudi kama ilivyokuwa hata kama gamba la nje linang'aa. Kwa hiyo ya mtumba usinunue, kwani huijui historia yake. Zile nyepesi zinazofanana na kofia za mjengoni, ambazo ndani hazina chochote ila kitambaa, huvaliwa kwa ajili ya kumridhisha askari. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, au ile herufi E iliyo ndani ya duara ikifuatwa na nambari, inayoonyesha kwamba helmeti imepimwa kwa kanuni za kimataifa.

Inafaa ujue, kwa kuwa wewe ni mtu wa hospitali, kwamba elimu hii tumeipata kwa daktari. Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, yule mwanajeshi aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, aliyeanguka kwa pikipiki mwaka 1935 bila kofia ngumu kichwani na kufa baada ya siku 6. Cairns akaanza kuchunguza majeraha ya askari waliotumia pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona juu ya faida ya helmeti. Tangu hapo tafiti zimerundikana, na uchambuzi uliozikusanya mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Msomee kaka yako tarakimu hizo, kisha mwombe akusindikize siku ya kuinunua.

SWALI: Ami, mimi huvuka kwa feri ya Likoni kila siku ya kazi. Juzi, nikiingia feri, pikipiki iliteleza kwenye chuma nikaanguka mbele ya umati wa watu. Sikuumia ila aibu. Nilikosea wapi? (K.O., Likoni)

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Chuma kilicholowa maji ya chumvi hakina huruma ya lami, na mlango wa feri una ubaya wa pili, yaani hubadilika na bamvua na maji mafu: maji yakijaa huwa karibu bapa, yakitoka huwa mteremko unaomshangaza hata aliyevuka jana. Mambo niliyomwambia kijana wa Mtopanga kuhusu breki ya mbele ni ya lami kavu. Kwenye chuma kilicholowa punguza mwendo kabla hujakikanyaga, kisha upite kwa gia ya kwanza, usukani umenyooka, mafuta kidogo yasiyobadilika, bila kubana breki kwa nguvu wala kugeuka. Ukilazimika kusimama katikati, gusa breki ya nyuma na ya mbele kwa wepesi sana na uweke mguu mmoja chini. Mpe aliye mbele yako nafasi ya kumaliza kupanda kabla hujaanza, hata kama wa nyuma wanapiga honi, kwa sababu kusimama juu ya mteremko ndiko kunakowaangusha wengi.

Ukishapanda, zima injini, uiache pikipiki katika gia ya kwanza ili isibingirike, na usimame kando yake ukiishika. Jioni uioshe kwa maji baridi na uipake cheni mafuta. Chumvi hula cheni, huzikausha nyaya za breki, na mkono wa breki uliokauka hukaza kwa kushtukiza, yaani hukufanyia kosa uliloliepuka kwa wiki tatu za mazoezi.

SWALI: Kwako mhariri wa safu hii. Mwanangu wa miaka 22 amenunua bodaboda kwa mkopo na anataka kuanza kubeba abiria wiki ijayo, ingawa hajamaliza mwezi tangu ajifunze. Nimemkataza, naye hunijibu kwamba ajali haina kinga. Nimwambie nini? (Mama mzazi, Jomvu)

JIBU: Mama, msemo huo naujua tangu utotoni na ningependa upumzishwe. Husemwa misibani kuwaliwaza wafiwa, na hapo una mahali pake. Ukisemwa na kijana anayewasha pikipiki huwa ni leseni ya kutovaa helmeti. Sitaki kukufundisha namna ya kumlea mwanao, lakini mkopo una tarehe zake na hamtaweza kumzuia milele, kwa hiyo ni afadhali umpe sharti kuliko umkataze. Sharti langu lingekuwa miezi 3 bila abiria: abebe vifurushi, mboga kutoka soko la Kongowea, mikate, chochote kisichopiga kelele wala kuegemea upande kwenye kona.

Abiria huibadilisha pikipiki. Pikipiki za kazi zinazotumika hapa huwa na uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi, na mtu mzima wa kilo 70 anayeketi nyuma huongeza zaidi ya nusu ya uzito huo, tena juu na nyuma. Usukani huwa mwepesi, kusimama huchukua masafa marefu zaidi, na abiria aliyeogopa huegemea upande usiofaa. Mwanao ajifunze hayo kwa kumpakia mwendeshaji mzoefu, kabla hajampakia mwanamke mjamzito anayewahi kliniki. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamruhusu abiria mmoja tu na inamtaka mwendeshaji awe na helmeti mbili na jaketi mbili zinazoakisi mwanga. Mshikaki wa watatu ni kosa hata kama wote ni wembamba. Leseni yake nayo iwe ya daraja A3, ambalo ndilo la pikipiki za abiria.

Kwa kuwa mnakaa Jomvu, linaloniogopesha kuliko yote ni malori ya makontena. Trela inapotaka kukata kushoto, kwanza kichwa chake husogea kulia ili kipate nafasi, na papo hapo upande wa kushoto hufunguka pengo pana linalomwita kijana mwenye haraka. Akiingia, kichwa hugeuka kushoto, na magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya kichwa. Hukata kwa ndani, yakalifunga pengo lile kutoka nyuma kama mlango. Dereva aliye juu hamwoni aliye ubavuni mwake, na mara nyingi hajui kilichotokea mpaka watu wapige mayowe. Mchukue mwanao siku moja, msimame mahali salama karibu na raundabauti ya Changamwe, mtazame trela kumi zikikata kona, na umwonyeshe magurudumu ya nyuma yanavyopita. Ikiwa hawezi kuviona vioo vya pembeni vya lori, dereva naye hawezi kumwona yeye. Kushoto mwa trela asipite kamwe, na nyuma yake akae mbali kiasi cha kuiona lami iliyo chini yake, kwani shimo ambalo lori limelipita katikati ya magurudumu humtokea mwendeshaji bila onyo.

Kuna hili pia, ambalo wamama hawaulizi na wana hawasemi. Anayeendesha kuanzia alfajiri hadi saa sita za usiku ili atimize hesabu ya mkopo hutafuna muguka ili macho yasifumbe. Muguka huyaweka macho wazi, lakini uchovu hubaki palepale ulipokuwa. Mpangieni saa ya kurudi nyumbani, na ikibidi mwezi wa kwanza mchangie kiasi kidogo katika mkopo huo.

SWALI: Tukimkuta mwendeshaji ameanguka, tumvue helmeti au tumwache nayo? (J., Bamburi)

JIBU: Mwacheni nayo, maadamu anapumua. Shingo inaweza kuwa imevunjika, na kumvua helmeti vibaya kunaweza kuukata uti wa mgongo ambao bado ulikuwa mzima. Inueni kioo cha mbele, mmoja akishike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke, na mwingine aende mbali kidogo kuyasimamisha magari ya pande zote mbili, kwani wengi hugongwa mara ya pili wakiwa wamelala barabarani. Msimburure isipokuwa kuna moto au gari haliwezi kuzuiwa. Damu inayotoka izuieni kwa kuikandamiza na leso safi. Ikiwa hapumui na helmeti inazuia kumsaidia, hapo ndipo itolewe, na watu wawili, mmoja akiishika shingo na taya muda wote na mwingine akiivuta polepole.

Pigeni 999 au 112. Msimpakie katikati ya watu wawili juu ya bodaboda kumkimbiza hospitali, hata kama nia ni njema na Makadara ni karibu. Tafuteni gari ambalo anaweza kulala chali, kichwa na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Anayemsindikiza akumbuke saa aliyoanguka na kama alizimia, kwa sababu hayo ndiyo maswali ya kwanza ya daktari, na helmeti, ikiwa imetoka, ipelekwe pamoja naye ili daktari aone ilipogongwa.